Tokyo usiku: siku tano za kukimbizana na treni ya mwisho

Siku ya 1, Jumanne

Nimefika jioni, mwili hoi lakini usingizi hamna kabisa, saa za mwilini na saa za ukutani hazielewani. Mdogo wangu (mtoto wa mama mdogo, yupo huku anasoma, mwaka wa tatu sasa) kanipokea stesheni, shikamoo dada, marahaba, begi kachukua, na hata hatujatoka nje ananiambia, "Dada, hapa kuna kitu kimoja tu cha kukariri, mengine utajionea mwenyewe. Treni ya mwisho."

Nikajua ananitania. Jiji lina watu kama milioni 14, ukihesabu na miji iliyogandana nalo wanafika milioni 37 hivi, halafu treni zilale? Kumbe kweli. Karibu saa sita na nusu usiku zinasimama zote, za juu na za chini ya ardhi, mpaka saa kumi na nusu kuelekea saa kumi na moja alfajiri ndo zinaamka. Hapo katikati una taksi tu, nayo kuanzia saa nne usiku inaongeza asilimia 20 juu ya nauli, kwahiyo ukikaa mbali na katikati ya jiji utalia. Hiyo treni ya mwisho ina jina lake, wanaiita shuden, na nimekuja kugundua ni neno utakalolisikia usiku kucha hata kama hujui neno lingine lolote la Kijapani.

Dogo anakaa Takadanobaba, ipo kwenye ile laini ya kijani ya Yamanote inayozunguka jiji kama mkanda, stesheni 30, ukipanda na ukakaa tu inakurudisha ulipoanzia baada ya saa moja hivi. Stesheni nyingi zina kimuziki kifupi cha kuashiria milango inafungwa, ya kwetu ni ya katuni fulani ya zamani. Dogo akanichezea kwenye simu mara tatu: "Ukisikia hiki, dada, shuka. Usisome mabango, sikiliza tu."

Kwa kuanza hatukufanya makubwa. Tumeenda Shinjuku kwenye yale majengo pacha ya serikali ya jiji, unapanda lifti mpaka ghorofa ya 45, mita 202 juu, na ni BURE, hata kujiandikisha hamna, wanakukagua begi tu. Nilitegemea kuona taa za rangi rangi, kumbe kinachotawala kule juu ni vitaa vyekundu vya kuzuia ndege zisigonge, kila ghorofa refu limevaa vyake kwenye kona, vinawaka taratibu na kuzima, hakuna jengo linalomsubiri mwenzie. Nimeviangalia mpaka wakatutoa. Saa tano nipo kitandani, macho kodo.

Siku ya 2, Jumatano

Yurakucho. Hapa reli inapita juu ya matao ya matofali na chini ya matao ndo kuna vijibaa na vibanda vya kuchoma mishikaki, moshi unatoka, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na makreti ya bia yaliyopinduliwa. Treni ikipita juu glasi zinatetemeka mezani na hakuna anayenyanyua kichwa.

Sasa niseme mapema, mi pombe sinywi. Wengi wameniuliza utaenda kufanya nini kwenye maisha ya usiku ya Tokyo kama hunywi, na hata mimi nilikua na wasiwasi huo huo, nikajua nitakua yule mtu wa kushika soda moja masaa manne. Nimekuta wenzetu wameshalimaliza. Kuna chai ya oolong, ya baridi, rangi kahawia, haina sukari hata chembe, inakuja kwenye glasi kubwa ile ile ya pombe na barafu zake, na kila meza ya watu wa ofisini kuna mmoja anaipiga hiyo mwanzo mwisho. Hakuna anayekuuliza we vipi, unaumwa, umeokoka. Mkisema kanpai, neno lao la kugonga glasi, unagonga na chai yako, maisha yanaendelea.

Kituko cha leo ni kisahani. Tumekaa tu, hatujaagiza, kaka wa pale katuletea visahani viwili vidogo vya figili zilizochemshwa na kitu kama mwani. Mi nikashukuru sana, nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa, nikasema moyoni hawa watu wana ukarimu. Bili inakuja, kisahani yeni 400 kila mmoja! Dogo kacheka mpaka kalala mezani. Kinaitwa otoshi, ni kama kiingilio cha kiti, baa nyingi za hivi wanakuletea uwe umetaka hujataka, na hakigombaniwi. Mwanzo nilikasirika, baadae nikaona sawa tu, huku bakshishi hamna, ukimwachia mhudumu chenji anakukimbilia nayo barabarani anajua umesahau. Bora kisahani.

Kingine nilichopenda ni kumiminiana. Meza ya pembeni walikua watu watano, suti nyeusi, tai zimelegezwa, na hakuna aliyejimiminia mwenyewe hata mara moja. Mdogo kiumri yuko chonjo muda wote, glasi ya bosi ikifika nusu ameshika chupa kwa mikono miwili. Bosi nae kuna muda alichukua chupa akammiminia kijana, kijana akapokea glasi kwa mikono miwili kama anapokea cheti. Halafu saa tano na nusu, kama kengele imegonga sehemu nisiyoisikia mimi, wote wakaangalia simu, wakasimama, dakika tano baa nusu imebaki tupu.

Tukawafata. Shuden hatukuigusa, tulipanda mbili kabla.

Siku ya 3, Alhamisi

Leo ndo leo.

Tumeanzia Omoide Yokocho, upande wa magharibi wa stesheni ya Shinjuku, kichochoro cha vibanda vya mishikaki kilichoanza kama soko la magendo baada ya vita vya pili vya dunia. Hapa sikukaa sana, kumejaa watalii wanapiga picha taa za karatasi (na mimi nikiwemo, sijitoi), foleni ndefu, na mshikaki wa kuku unakula umebanwa mabega huku na huku. Tukapita.

Golden Gai ndo penyewe. Vichochoro sita tu, vyembamba, kuna sehemu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na humo zimejazana baa zaidi ya 200. Mia mbili! Kila moja inabeba watu watano, sita, wakizidi sana kumi. Nyingi zina ghorofa na ngazi yake imesimama wima kama ya kupandia darini. Mlangoni wameandika kiingilio, nyingine wameandika wateja wetu tu, na hapo usijadiliane, unapita. Picha za vichochoroni pia hawataki mpaka uombe.

Tumezunguka kama mara nne, mi naogopa kufungua mlango. Maana ukifungua tu watu wote sita wanageuka wanakuangalia, sio kwenye klabu ambako unazama kwenye giza. Hapa unaingia sebuleni kwa mtu. Mwisho dogo kasukuma mlango mmoja wa mbao ulioandikwa kiingilio yeni 800, ndani kaunta, viti saba, watu watatu, na mama mmoja wa makamo, nywele fupi, aproni nyeusi.

Sasa sikieni. Mwenye baa za namna hii akiwa mwanamke wateja wanamuita mama. Mama hivi hivi, m-a-m-a. Dogo alikua hajaniambia. Mi kwa mazoea yangu, mtu mzima yule, nikaingia nainama nasema "samahani mama", mama kwa Kiswahili changu, yule bibi akajibu haraka haraka kwa Kijapani anacheka, anatuonyesha viti, na mzee wa kwenye kona akanipigia makofi akijua nimefundishwa adabu za baa. Dogo alipomweleza kwamba kwetu ni neno hilo hilo, mtu aliyekuzaa na hata yeyote wa umri wa aliyekuzaa, mama akaacha kufuta glasi. Akauliza, na baba je? Dogo akamwambia baba ni baba. Akatafakari, akasema kule kwao baba kwa maana ya bibi kizee ni tusi, tuombe radhi tusimuite hivyo. Baa nzima tukacheka, sote sita.

Nyuma yake ukutani chupa zimepangwa mpaka darini, kila moja imefungwa kikaratasi shingoni kwa uzi, kimeandikwa jina kwa kalamu. Mteja ananunua chupa nzima, anaiacha pale, akirudi wiki ijayo au mwezi ujao anaendelea alipoishia. Kuna moja vumbi limekaa kwenye mabega ya chupa na karatasi imekua njano. Nikaionyesha kwa kidole, nikauliza ya nani. Mama akasema jina, akasema amehamia mbali, akaipangusa kidogo kwa kitambaa, akairudisha palepale. Hajaitupa na hatoitupa.

Ni yeye aliyetusimulia na habari za moto. Miaka ya 1980 bei za ardhi Tokyo zilipanda kiwendawazimu, wajenzi walikitaka kipande hiki wajenge maghorofa, wenye baa wakagoma kuuza, ikaanza mioto ya usiku ya kuchomwa makusudi na genge la wahuni. Wapenzi wa mtaa ule wakajipanga zamu za kulinda usiku. Ndo maana vimebaki vibanda vya mbao katikati ya minara ile yote. Ukitoka nje ukaangalia juu unaelewa, kwa kweli.

Na huko kuelewa ndo kumetuponza. Dogo kaangalia simu, saa sita na dakika kumi. Shuden yetu ilibakisha dakika ishirini na kitu, stesheni ni mwendo wa dakika kumi, tukasema twende kiroho safi. Jamani, stesheni ya Shinjuku ina milango zaidi ya 200 na ipo kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa wingi wa abiria. Dogo kaijua miaka mitatu, sasa kwasababu tulikua tunakimbia akasema tupite chini, njia ya mkato. Njia ya mkato ikatutoa kwenye duka la nguo lililofungwa. Tukarudi, tukapanda ngazi, tukatokea barabarani upande ambao sio, tukashuka tena, nimevua viatu nimevishika mkononi, mbele yetu kaka mmoja wa suti nae anakimbia, tukamfata tukijua anajua, kumbe nae kapotea! Tumefika getini mhudumu wa stesheni anavuka mikono kifuani alama ya X, anainama, anaomba radhi. Yeye ndo anaomba radhi.

Yule kaka wa suti wala hakubishana. Akaweka begi chini pembeni ya ukuta, akalikalia, akafumba macho.

Tukaenda karaoke. Hapa karaoke sio jukwaa la kuimbia mbele za watu, unakodi chumba chenu wenyewe, kochi, skrini, maiki mbili, na kuna bei ya kifurushi cha usiku mpaka saa kumi na moja, vinywaji unajichotea. Jina lenyewe ni kara, maana yake tupu, na oke, ya okestra. Anayesifiwa sana kwa kuivumbua ni Daisuke Inoue, aliyetengeneza mashine yake kule mji wa Kobe mwaka 1971. Okestra tupu, na sisi ndo tuliokuja kuijaza, wawili, saa saba usiku. Saa ya kwanza tuliimba. Saa ya pili dogo akaimba peke yake nyimbo za Kijapani nisizozijua, vizuri kuliko nilivyotegemea, nikajua huyu mtoto huwa anakuja humu peke yake. Sikumuuliza. Saa ya tatu tumelala kwenye kochi miguu kwa miguu, ukutani jirani wanaimba kwaya ya walevi.

Simu ya chumbani ikalia saa kumi na moja kasoro dakika kumi, sauti nyororo, muda wenu unakaribia kuisha.

Siku ya 4, Ijumaa

Nimelala mpaka saa tisa alasiri, kwahiyo siku yenyewe fupi.

Jioni tumetembea Kabukicho, kwa mguu tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Taa zimepangwa wima, kila jengo baa ghorofa ya kwanza, ya pili, ya saba, na kibao cha kila ghorofa kimening'inia nje. Jina limetokana na jumba la tamthilia za kabuki lililopangwa kujengwa hapo baada ya vita, jumba halikujengwa, jina likabaki. Juu ya hoteli moja kuna kichwa cha Godzilla, lile dude la kwenye filamu, kinachungulia. Spika za mtaani zinatangaza usiku kucha kwa Kijapani na Kiingereza, msiwafate wapiga debe, msiwafate wapiga debe, na chini ya hiyo spika hiyo hiyo wapiga debe wamesimama wanakuita. Mmoja alimfata dogo hatua thelathini nzima. Ni kweli wanasema ukiingia huko kinywaji cha kwanza rahisi, bili ya mwisho inakutoa machozi, na mlango hauuoni. Ushauri wangu mdogo: baa nzuri hapa hazina mtu wa kukuvuta mkono nje.

Shuden ya Ijumaa tuliiwahi safari hii. Sijawahi kubanwa vile. Mikono yangu ilibaki ilipokua wakati mlango unafungwa, juu, kama nimekamatwa na polisi, mpaka Takadanobaba. Na watu wamelewa chakari ila kimya, kimya kabisa.

Siku ya 5, Jumamosi

Leo tumekubaliana mapema, treni ya mwisho tunaiacha kwa hiari yetu. Nimelala mchana makusudi.

Tumekutania Shibuya kwenye sanamu ya mbwa Hachiko, kila mtu Tokyo anakutana hapo na kwahiyo humuoni unayemtafuta. Mbwa mwenyewe alikua anampokea bwana wake stesheni kila jioni, bwana akafariki 1925, mbwa akaendelea kuja mpaka nae akafa 1935. Hao ndo wasubiri treni. Mi usiku ule wa karaoke kusubiri masaa manne nilishaona nimeonewa.

Kile kivuko maarufu tumevuka mara tano kama watoto, taa ikiwa ya kijani watu wanamiminika kutoka pande zote na hamgongani. Vijana wa kunywa barabarani niliokua nimewasikia sikuwaona, toka Oktoba 2024 wilaya imepiga marufuku kunywa mitaani kuzunguka stesheni kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na kuna watu wa vizibao wanapita wanakumbusha.

Klabu tumeingia saa tano na nusu, yeni 3,500 na kinywaji kimoja ndani yake (chai ya oolong, DJ na chai ya oolong, sitokaa nisahau). Mlangoni pasipoti lazima, chini ya miaka 20 huingii. Begi unalifungia kwenye kabati la sarafu, halafu unashuka ngazi, unashuka tena, unajikuta kwenye chumba cha zege ambacho besi inakupigia kwenye mbavu.

Kitu ambacho wengi hawajui, kucheza muziki usiku wa manane hapa ilikua kosa. Sheria iliyoanzia mwaka 1948 ilizuia kumbi kuchezesha watu baada ya saa sita usiku, kwa miaka mingi ikafumbiwa macho, ikaja kukazwa, kumbi zikabandika matangazo ya kukataza kucheza ndani ya klabu, hebu fikiria, DJ anapiga na mlinzi anakwambia simama wima. Sheria imebadilishwa 2015 na kuanza kutumika Juni 2016, na moja ya masharti ni mwanga wa ukumbi usishuke chini ya laksi 10 (laksi ni kipimo cha mwanga), la sivyo unahesabika kundi jingine la biashara. Kwahiyo nilipokua najiuliza mbona hapa naona sura za watu vizuri, kumbe sheria.

Saa sita na robo nikaiona tena ile hali ya Yurakucho. Simu zinawaka mmoja mmoja, watu wanaagana, wanapanda ngazi. Nusu ya ukumbi imeondoka. Waliobaki tukaangaliana, ile ya kwamba haya sasa, tumefungiwa wote. Na hapo ndo muziki ukabadilika, ukapungua kasi, ukawa mzito, watu wakaacha kucheza kwa kuonekana. Dada mmoja wa Kijapani, miwani, koti la ofisini kalifunga kiunoni, alicheza mbele ya spika macho kafumba kama lisaa limoja bila kusogea hata hatua mbili. Mi nae nikasogea pembeni yake nikafumba yangu. Dogo aliniambia baadae nilikua natabasamu peke yangu, sina hakika kama ni kweli.

Tumetoka saa kumi na nusu, nje kumeshaanza kupambazuka, mbingu ya bluu ya maziwa na kunguru wakubwa wanachambua mifuko ya taka kwenye njia ile ile ambayo masaa matano nyuma hukuweza kupita. Duka dogo la saa 24 lina foleni ya watu wa klabu wananunua onigiri (matonge ya wali) na kahawa ya moto, nyuma yao mzee kavaa nguo za mazoezi ananunua gazeti. Getini kwenye stesheni watu wamesimama kimya, viatu mkononi wengine, wanasubiri shata. Ikapanda polepole kwa kelele. Mhudumu akainama.

Tumepata viti, behewa joto, dogo kaniegemea begani hata mlango haujafungwa. Nikamwambia lala, mi nasikiliza kimuziki, kutoka hapa ni stesheni tano tu.

Nimekuja kufumbua macho kibao kinasema Harajuku, ndo inayofata baada ya Shibuya, nikafurahi, nikajua nimesinzia dakika mbili. Nikamgusa dogo nikamwambia bado nne. Akaangalia saa, akaangalia nje jua limeshatoka, akanitazama.

"Dada," akasema, "hii ni mara ya pili."